Sahihi ya Makamu Mwenyekiti

Kwaigeo, Malaita
3 Machi

Mwanangu Nelma,

Salamu nyingi toka nyumbani. Hatujambo, ila mgongo wangu ndio huo unaoujua. Kifua chako kimepoa?

Watu wa ofisi yenu ya mradi wa maji walifika. Walisema kamati isiyo na wanawake haipati maji, basi tukachaguliwa wanne. Mimi ni makamu wa mwenyekiti, baba yako mkubwa Ramofolo. Nilisimama nikaomba bomba liwekwe huku chini, karibu na bustani za viazi. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema litakaa juu kwenye ardhi yake, ubavuni mwa nyumba ya wanaume.

Nikamuuliza, "Shemeji, kwa mila zetu huko mwanamke hapiti. Tutachotaje?"

"Wavulana watawachotea," akanijibu.

Nikapewa kalamu, nikatia sahihi. Uko ofisini, hebu waambie.

Mama yako

Honiara
20 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imekuja na meli ya Ijumaa. Kifua kimepona, pole na mgongo.

Nilimfasiria bosi yote uliyoandika, akasikitika kweli. Lakini akasema kamati imeshapitisha na sahihi yako ipo. Akiipinga, atakuwa anawaamulia wanakijiji. Mama, ripoti naichapa mimi. Imeandikwa kwamba wanawake wameshiriki kikamilifu. Nililifuta hilo neno "kikamilifu", akalirudisha.

Bintiyo

Kwaigeo
9 Agosti

Nelma mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya hiki. Mkono ulikuwa mzito kuandika.

Bomba linatoa maji mazuri. Wavulana walituchotea wiki mbili, kisha wakasema ndoo ni kazi ya wanawake. Tukarudi mtoni. Wifi yako Alisi, na ile mimba ya miezi saba, aliteleza kwenye mawe. Mtoto tulimzika Jumanne. Kaka yako alikwenda kwa Ramofolo akiwa amejaa hasira. Wakaishia kulia wote wawili. Bomba liko palepale.

Mama yako

Honiara
2 Septemba

Mama,

Nawapa pole nyote. Mkumbatie Alisi kwa ajili yangu. Ruhusa ya kuja nimenyimwa.

Wafadhili wanakuja kuzindua bomba, na nimeagizwa niandike hotuba ya makamu mwenyekiti. Niliandika ukweli. Bosi akasema wakiusikia watafunga mradi, na vijiji sita vinasubiri maji. Nikaandika nyingine, ya shukrani. Nakutumia zote mbili. Nisamehe, nimeshindwa kukuchagulia.

Bintiyo

Kwaigeo
1 Oktoba

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Alisi anakula kidogo sasa.

Nilisoma ile ya kweli, kwa lugha yetu, mpaka mwisho. Nilimtaja mtoto. Wanawake waliinamisha vichwa wakilia. Ramofolo ndiye aliyekuwa akiwafasiria wageni kwa Kiingereza, sauti ikimtetemeka, nikadhani leo amekubali. Nilipomaliza, wageni walipiga makofi wakasimama. Mama mmoja wa kizungu alinikumbatia, machozi yakimtoka.

Mwalimu wa watoto, anayejua Kiingereza na aliyekuwa amekaa nyuma, alinifuata baadaye. Alisema Ramofolo aliwaambia wageni kwamba tunashukuru, na kwamba tunalia kwa furaha.

Wamenipiga picha nikiwa nimeshika karatasi yako. Bila shaka italetwa mezani kwako uiandikie maneno.

Mama yako