Goti la Lagi lililohamia kiwikoni

Teuila, niko hospitali hapa Apia na binti yangu Lagi.

Jana lilimvimba goti, si ulimwona? Leo goti limepoa, kiwiko kimevimba! Baba yake akamcheka: “Maumivu gani yanahamahama? Unakwepa kwaya wewe.”

Daktari hakucheka. “Mama, koo lilimuuma karibuni?” Koo! Nimeleta kiwiko, ananiuliza koo! Nikasema ndiyo, likapoa lenyewe.

“Ndilo hilo. Mwili ulipigana na vijidudu vya koo, sasa kwa kukosea unashambulia viungo vyake wenyewe. Tusipouzuia, unafika moyoni.”

Moyoni, Teuila! Mtoto wa miaka tisa!

Wamempima, moyo bado ni mzima. Ila atachomwa sindano kila mwezi, kwa miaka, vijidudu vya koo visirudi.

Baba yake kapiga magoti kando ya kitanda, kamwegemea: “Nisamehe, mwanangu.”

Lagi kamjibu, “Sogea baba, umelalia kiwiko.”