Burashi ya Shangazi Zulma

Izegem,
Jumapili, tarehe 17 Machi 1957

Mpendwa Shangazi Alma,

Tarehe nimeiandika juu, na chini yake naandika ahadi: nitakueleza kila kitu kama kilivyotokea, hata pale ambapo ningependa kuruka.

Kwanza shikamoo. Hujambo huko Kanada, na Mjomba Remi mgongo wake unaendeleaje? Katika barua yako ya Noeli ulisema tumbaku ilipata ukungu na yeye akaumia akibeba magogo. Na Marietje, meno yake ya mbele yameota? Picha yake tumeiweka juu ya kabati, karibu na saa.

Sisi huku tu wazima. Baba bado anakohoa vumbi la mbao, Mama mafua yamemwisha, na Bibi ametimiza miaka sabini na mitatu na haumwi na chochote.

Mimi niko mwaka wa mwisho shuleni kwa masista. Sista Amandina anatufundisha kuchora kwa rula na bikari, na anasema mkono wangu ni mtulivu. Kwa sababu ya mchoro mmoja nakuandikia leo.

Dada yako Zulma bado anakaa kwenye meza ileile ya karibu na jiko, anavuta singa za nguruwe kwa waya kwenye mbao za burashi, fungu baada ya fungu, tundu baada ya tundu, kama ulivyomwacha. Lakini bega lake la kulia limekakamaa. Mkono unafika kidevuni, hauendi zaidi. Nywele zake unazikumbuka, zile ndefu mpaka kiunoni. Zimeanza mvi lakini ni nzito bado. Hawezi kuzichana. Mimi nilikuwa namchana kabla ya shule, na siku nilizochelewa alijifunga kitambaa.

Bibi hakukosa la kusema. "Nyumba ya burashi, na binti wa nyumba ana kichwa kama kiota cha kunguru," alimwambia Jumapili moja tukitoka kwenda kanisani. "Watu watadhani tunatengeneza mafagio."

"Kunguru naye ana pa kulala, Mama," Shangazi Zulma akajibu, akacheka peke yake.

Nikaamua kumtengenezea burashi atakayoitumia bila kuinua bega. Nilipima mkono wake kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, nikachora mpini mrefu uliopinda shingoni kama bata. Halafu nikafikiri, mkono usiofika kichwani haufiki mgongoni wala kisiginoni. Basi mpini uwe mmoja na vichwa viwe vingi: cha nywele, cha mgongo, cha kucha na visigino, na cha kufutia koti. Kila kichwa kina ukingo nyuma unaoteleza ndani ya mfereji wa mpini.

Kichwa cha kwanza kilichomoka kwa sabuni kikaruka mpaka kwenye sufuria ya viazi. Mama alikitoa kwa uma akanirudishia. Nikaongeza ulimi mdogo wa shaba unaobana kichwa kikifika mwisho, hapo unasikia tak. Baba alinikatia mpini kwa mti wa mpea, na Shangazi Zulma alijaza vichwa yeye mwenyewe.

Jumamosi ya kuoga, beseni likiwa jikoni, alinitoa nje. "Nenda kakae ngazini, mwanangu. Hili nataka kulifanya bila kutazamwa." Nilikaa muda mrefu. Nikasikia tak, kisha kimya, kisha tak. Alipofungua mlango alikuwa amejichana mwenyewe, mstari wa katikati umeenda upande, na uso wake ulikuwa wa msichana.

Bibi alimtazama akauliza, "Nani kakuchana, paka?" Lakini alichukua ile burashi mkononi mwake, akaigeuzageuza, akatoa kichwa, akarudisha, akatoa tena. Ningejua kutoa na kurudisha kule kuna maana gani, ningeitia motoni ikaungua.

Kesho yake aliniita. Alisema burashi ile inaweza kuuzwa, na kwamba angemwalika Bwana Speeckaert, mnunuzi wa Brussels, aione. Alinitaka niandae maneno. Nilifurahi mno, Shangazi. Sista Amandina alinisaidia. Alisema nipate sentensi moja fupi ambayo mgeni ataondoka nayo, niiseme nimesimama wima, bila kumeza mwisho wa maneno. Nikaitunga hii: Kinachochakaa hubadilishwa, mpini hubaki. Niliifanyia mazoezi mbele ya Shangazi Zulma usiku tukienda kulala, naye akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya blanketi.

Hapo ndipo aliponisimulia tena habari ya kitanda. Alisema ulipoondoka, ulimshika mabega pale kituoni ukamwambia: nitakuwekea kitanda cha dirishani, uwe unaona theluji bila kuamka. Huwa ananisimulia akiwa na furaha. Bibi aliposikia kupitia ukutani, akasema kwa sauti, "Kitanda hicho sasa kimeota mizizi. Barua kila Noeli, tumbaku imo, mgongo wa Remi umo, mpaka kuku wamo. Kitanda hakimo hata mara moja." Shangazi Zulma alizima taa.

Bwana Speeckaert alikuja Alhamisi. Bibi aliamuru sungura na keki ya mchele, na Mama alipouliza kuhusu Kwaresima alijibiwa kwamba mnunuzi hana Kwaresima. Ni mtu mnene mwenye mikono midogo iliyotunzwa vizuri. Wiki nzima Shangazi Zulma alikuwa amejaza vichwa vya kumwonyesha, akifanya kazi mpaka vidole vikavimba, kwa sababu alidhani ni heshima yangu na yake.

Baada ya chakula Bibi alifunua kitambaa mezani. Vichwa vilikuwa vingi kuliko nilivyovijua, vimechanganywa. "Zulma, lete kahawa," akasema. "Kisha ukae hapo, mambo haya yanakuhusu."

Nilianza kuvitia kwenye mpini kimoja kimoja. Vingine viliteleza, tak, kama nilivyochora. Vingine vilikwama katikati nikalazimika kusukuma kwa kidole gumba. Kila mara Bibi aliniuliza, "Hiki je?" na mimi, kwa kuwa nimefundishwa kusema kweli, nilijibu kinakaza, au kinaingia. Vilivyokaza aliviweka kushoto, vilivyoingia kulia. Sikuelewa, Shangazi. Nakuapia sikuelewa mpaka vyote vikaisha.

Unajua kazi yetu kuliko mimi. Singa zikivutwa kwa mkono, waya hupita nyuma ya ubao, na kibao cha kuufunika hakilali sawasawa kabisa. Huwa kimevimba kidogo, kiasi cha unywele. Za mashine hupigiliwa kwa mbele, nyuma kunabaki laini. Bibi alikuwa amepeleka mbao za vichwa kwenye kiwanda cha ng'ambo ya mfereji wa mashua zikajazwe kwa mashine, bila kutuambia.

Alivisukuma vile vya kushoto mpaka mbele ya Shangazi Zulma. "Hivi vyote ni vyako, mwanangu. Vile ni vya mashine. Wiki yako nzima kwao ni asubuhi moja."

Nilivuta singa za kichwa kimoja cha mashine, zikabaki kiganjani mwangu. Nikazionyesha. Bwana Speeckaert alizitazama akatabasamu. "Zikidondoka ndiyo vizuri, binti. Mteja atanunua kichwa kingine."

"Lutgard," Bibi akaniambia kwa upole ambao huwa hana, "sema ile sentensi yako, mgeni aisikie."

Nilidhani ni kwa ajili ya burashi. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikaisema yote bila kumeza neno. Kinachochakaa hubadilishwa, mpini hubaki.

Bibi akamgeukia Shangazi Zulma. "Umesikia? Mimi sijasema. Aliyesema ni mtoto unayempenda."

Kisha akamweleza, mbele ya mgeni, kwamba baada ya Pasaka atahamia kwa masista wa nyumba ya wazee, ameshaongea nao, na meza yake itawekwa masanduku ya kufungashia.

"Mama, mimi nina miaka hamsini na moja," Shangazi Zulma alisema.

"Na bega lako lina tisini."

Bwana Speeckaert alichekea ndani ya kikombe, kisha akaomba sukari. Baba alikuwa anatazama mifupa ya sungura kwenye sahani. Nilimwambia, "Baba, sema kitu." Alisema, "Meza ni ya Bibi yako," akaondoka kwenda karakana, na tukasikia mashine ya kukereza ikiwashwa, ingawa hakukuwa na kazi ya kukereza.

Wakati wa kuondoka mgeni alitaka sampuli iliyokwisha kutumika, aone inavyochakaa. Bibi alimtuma Shangazi Zulma akalete ile ya kwake. Aliileta. Kabla ya kumpa, alizitoa nywele zake za mvi zilizonasa, moja moja, akazikunja kidoleni akazitia mfukoni mwa aproni. "Mpe tu," aliniambia aliponiona. "Ni kazi nzuri, Lutgard. Usiichukie."

Mama alikwenda juzi kuiona nyumba yenyewe. Ni ukumbi mmoja, vitanda viwili viwili kama mabehewa, madirisha yako juu huwezi kuona nje. Na wanaoingia hukatwa nywele, zote, mpaka masikioni, ili masista wasipate kazi ya kuzichana. Mama alisema hilo akiwa amegeukia jiko. Bibi akasema, "Si heri? Mwishowe hatahitaji burashi." Shangazi Zulma alikuwa anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Aliendelea kumenya.

Amenikataza kukuandikia. Alisema, "Usimsumbue Alma. Akiwa amesahau ataona haya, na akiwa hajasahau ataumia." Mimi nimeona sababu zote mbili si za kutosha. Barua hii ataipeleka posta Sista Amandina, na wewe tafadhali nijibu kwa jina lake pale shuleni, kwa sababu nyumbani barua zote huzifungua Bibi.

Naamini hukuandika habari za kitanda kwa kuwa ni jambo lililokwisha kukubaliwa, na mtu haandiki kila mwaka kwamba bado ana mlango. Bibi anasema mimi ni mjinga nikifikiri hivyo. Mama jana alilitoa sanduku la safari darini akalipangusa vumbi, na Bibi alipouliza la nini, Mama alisema lilikuwa na buibui.

Jambo moja zaidi. Nimeanza mpini mwingine, wa mabaki ya mpea, nafanyia kazi shuleni saa ya mapumziko. Kati ya vile vichwa vya kushoto niliokota kimoja kabla Bibi hajavitupa motoni. Safari hii sikukisugua kichwa kwa tupa kifuate mfereji, kama nilivyofanya kwa vile vya kwanza. Nimeuchonga mfereji ukifuate kichwa, taratibu kwa tupa, mpaka kikaingia chenyewe kikasema tak. Hakuna kichwa kingine duniani kitakachoingia humo. Sista Amandina alisema kwa upimaji huo ningepata sifuri, kisha akanipa karatasi ya msasa laini.

Nisalimie sana Mjomba Remi na umwambie asiinue magogo. Mbusu Marietje kwa niaba yangu. Baba hajui kwamba ninaandika, lakini angejua angekusalimu, nadhani hivyo. Mama anajua na anakusalimu. Shangazi Zulma hajui, na kila usiku anakutaja katika sala kabla ya kumtaja Bibi.

Mungu awalinde na baridi na ukungu, na ayape mashamba yenu jua mwaka huu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda ingawa nakukumbuka kwa koti lako la kijani tu,

Lutgard

Huna haja ya kunijibu mengine yote ukiwa na kazi nyingi. Andika hili tu, upesi, kabla ya Pasaka: kile kitanda cha dirishani, Shangazi, bado kipo?