Mashine Iliyokuwa ya Mfaume

Dar es Salaam, 4 Juni 1905

Ndugu yangu Mfaume,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mama yangu aliyetunyonyesha sote hajambo? Mbu wa Kiongoroni je?

Nasikia umeshika mashine ya ile meli ndogo ya moshi ipandayo Rufiji. Wewe, muuza kuni za mkoko? Mimi nimesoma mashine kwa Kiswahili na kwa Kijerumani, nina cheti chenye muhuri, na kazi yangu ni kufagia karakana. Usoni pako nisingethubutu kusema: chakula hakinishuki kwa wivu.

Kaka yako, Sadala

Kiongoroni, mwezi wa Mfungo Nane

Kaka Sadala, msomi wetu,

Sisi wazima. Mama anauliza kama Wajerumani wamekunenepesha. Mbu wanaililia damu yako.

Ni kweli. Nilipeleka kuni melini, sikuondoka tena. Bwana fundi, Mjerumani, alinifukuza mpaka akachoka, akanipa kitambaa cha mafuta. Mashine ikianza kupumua, kaka, nasahau kula. Cheti sina. Lete chako tukitie tanurini, tuone kama maji yatachemka! Nakutania.

Mdogo wako, Mfaume

Dar es Salaam, 20 Julai

Mfaume,

Hujambo? Utani wako haukunichekesha. Nimemwandikia bwana fundi kwa Kijerumani kwamba kazi ile inataka mwenye cheti, nami ninacho. Sikuandika uongo. Heri ulisikie jambo hili kwangu.

Kaka yako, Sadala

Kiongoroni, mwezi wa Mfungo Tisa

Sadala,

Mama hajambo. Nimeshushwa melini. Bwana fundi alisikitika, lakini mkubwa wake ametaka karatasi. Anakungoja.

Siwezi kukaa hapa niusikie mlio wa mashine ukipita. Nakwenda kwa wajomba zangu Ngarambe, ingawa vita vimeanza jirani, Umatumbi. Wanasema iko dawa ya maji inayogeuza risasi. Sijui. Mimi najua tu maji yakichemka yanasukuma chuma.

Mfaume

Melini, 2 Novemba

Mdogo wangu Mfaume,

Nianze na salamu gani? Sijui kama u mzima.

Kazi nimeipata. Juzijuzi tulipakia askari wa kushambulia Ngarambe. Katikati ya safari mashine ikazimika. Askari wakashuka ukingoni, wakainjika wali. Nilijua uko kule Ngarambe. Ningekuna kichwa tu, ningesema sijui, nani angebisha? Lakini bwana fundi akacheka: "Angekuwepo Mfaume, ingekwisha kuwaka."

Basi. Nikaitengeneza kabla wali haujaiva. Akanipiga bega: "Sasa wewe ndiye fundi." Nikafurahi, Mfaume. Wallahi nilifurahi.

Askari walipanda tena, tukawashusha mbele, wakaenda Ngarambe kwa miguu. Baadaye tukaona moshi upande ule. Bibi mmoja aliyekimbia ametuambia watu wa huko walikuwa wakifunga mizigo wahame, lakini askari waliwahi kufika.

Mama anauliza habari zako. Namwambia u mzima, unalima.

Nijibu, hata kwa tusi.

Kaka yako, ukikubali,
Sadala