Kaka kaweka jina lake kwenye gemu ya binamu

Shoga, tumetoka shuleni sasa hivi na bado siamini alichofanya kaka.

Shule inatafuta mtu wa kuwatengenezea watoto magemu ya kwenye kivinjari. Ile ya binamu ya kujumlisha ni tamu, wivu ukamkaba kaka. Akaifungua kwenye laptop yake, akafuta jina la binamu, akaandika lake. Lake, shoga.

Kumbe limebadilika kwenye laptop yake tu; mtandaoni gemu bado ina jina la binamu.

Alipoionyesha shuleni, mwalimu mkuu akamwambia, "Nitumie linki niicheze kwenye simu yangu." Mwalimu akafungua, akasoma. "Mbona hapa kuna jina la mtu mwingine?"

Binamu alikuwa hapo hapo, anangoja zamu yake. "Ni langu, mwalimu. Kaka ndiye aliyenifundisha."

Kaka kajifungia chumbani. Anasema bora binamu angemtukana.