Maelezo ya Bibi Yake Mabli

Swansea, 9 Januari 1997

Kwako Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, Mabli amepona mafua. Magoti yako vipi na baridi hiyo ya Tregaron?

Fomu ya posho ya watoto walemavu imefika, kurasa arobaini. Wanauliza mtoto mwenye usonji kama Mabli anapata shida gani akiwa njiani. Wakikubali tutapewa gari. Basi limetushinda, Mama. Wiki hii Mabli kafika shule siku moja tu, na mwalimu mkuu anasema nafasi yake atapewa mwingine. Wanataka na maelezo ya mtu anayemjua, na likizo zote yuko kwako. Karatasi ni hiyo, watumie moja kwa moja.

Mwanao, Rhian

Tregaron, 16 Januari

Mwanangu Rhian,

Marahaba. Magoti ni yale yale, kanisani yananifikisha.

Nimeshawatumia. Nimewaambia mjukuu wangu si punguani. Tunatembea naye hadi kanisani mkono kwa mkono, na akiimba mchungaji mwenyewe ananyamaza. Watu wa ofisini wasije wakamdharau mtoto wetu bure!

Mama yako

Swansea, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Wamekataa. Wamenukuu maneno yako, kwamba anatembea hadi kanisani.

Sikulia. Nilisoma barua yao, nikaikunja, nikaendelea kupiga pasi. Hata hasira nimeitafuta, sina.

Mbona hukuwaambia mnapita njia ya makaburini ili asikutane na magari? Kwamba unamfunga mkanda kiunoni na kuushika wewe? Hayo ndiyo waliyokuwa wanauliza, Mama. Nimekata rufaa.

Mwanao, Rhian

Tregaron, 21 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nimewaandikia upya. Nakala ni hii, usije ukayasikia haya kwanza mbele za watu siku ya rufaa.

Agosti iliyopita mkanda ulinichomoka. Mbwa alibweka, Mabli akakimbilia barabara kuu akalala katikati, kaziba masikio. Lori la maziwa lilisimama hatua mbili kutoka kichwani pake. Nikamvuta, akaning'ata, akarudi kulala palepale. Ikabidi nimkalie mpaka dereva akaja kumbeba. "Wewe bibi," akaniambia, "mtoto huyu unamlea au unamuua?"

Lile jeraha la Mabli la paji la uso alilipata siku hiyo barabarani, si kwenye ngazi. Nilikudanganya, na kaka yako Gethin, anayemleta huku kila likizo, nikamwomba anyamaze. Niliogopa hutamruhusu tena kuja, nami humu ndani sina mwingine. Nisamehe.

Mama yako

Swansea, 29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tumeshinda. Maelezo yako waliyasoma kwa sauti, wakaamua hapohapo. Gari linakuja wiki ijayo, na shule wamekubali kumngoja.

Asante. Najua ilikugharimu kuandika. Nalijua hilo, ila bado sijalihisi.

Mwambie kaka Gethin likizo hii asije kumchukua Mabli, atabaki huku kwangu.

Mwanao, Rhian