Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Maskati

Kwa mdogo wangu Salimu,

Assalaam alaykum. Barua hii nampa Kassim jirani, anayerudi huko likizo, akukabidhi mkononi. Naomba ikukute mzima, wewe na shemeji, na Mama awe ameamka na nguvu. Mpe shikamoo yangu, kisha ukae karibu naye usome kwa sauti, maana nataka aisikie yote. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Gereji ya huku ina joto la kuchosha lakini kazi ipo. Raha ndiyo sina tangu Jumatano.

Sababu unaijua. Ulinitumia picha ya gari la marehemu Baba pale Ramisi, boneti juu, mvuke unatoka, na Mama amekaa kando ya barabara na leso kichwani kwa jua. Chini yake ukaandika, "Kaka, limechemka kidogo tu." Kidogo! Salimu, Mama anakwenda Msambweni kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Siku ile alifika amechelewa, wakampa nafasi kwa kumhurumia. Gari likimwacha njiani siku nyingine, maji yatamjaa mwilini mpaka kifuani. Nikiliwaza hilo naogopa.

Picha ya pili ndiyo iliyonitisha zaidi. Uliipiga ndani ya mdomo wa rejeta, pale panapotiwa maji ya kupozea injini, na maji yake yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Nikakupigia kuuliza umetia nini. Ukajibu bila wasiwasi, "Maji ya kisimani, kaka, kama siku zote. Yakipungua naongeza." Kisima chetu cha Majoreni! Maji ambayo sabuni haitoi povu, ambayo sisi wenyewe hatuyanywi kwa chumvi, wewe unayanywesha chuma? Nilikufokea, nakiri. Nilikuita mzembe, ukakata simu.

Baada ya alasiri Mama akanipigia. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mbwana mwanangu, wamgombeza mwenzio kwa nini? Hayo maji ya kisima alianza kuyatia nani?"

Nilikumbuka asubuhi ya safari yangu, miaka minne sasa. Mpira wa rejeta ulipasuka, kulanti yote, ile dawa ya kijani ya kupozea injini, ikamwagika mchangani, nasi tunatakiwa uwanja wa ndege Mombasa. Nikafunga mpira mwingine, nikakutuma na ndoo kisimani, nikajaza mpaka juu. Uliniuliza, "Kaka, haya hayana neno?" Nami fundi mzima nikakujibu, "Maji ni maji, twende zetu." Wala sikukwambia uyamwage nikishaondoka. Miaka yote hii natengeneza magari ya watu, na la kumpeleka Mama hospitali nimeliacha likioza kwa ndani. Nisamehe, mdogo wangu. Mzembe ni mimi.

Sasa fanya hivi. Jumamosi usimpakie Mama kwenye gari lile hata likiwaka vizuri. Nimemwomba Mjomba Rashidi, atampeleka kwa gari lake. Wewe baki nyumbani. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Likiwa moto usikiguse, mvuke utakuunguza uso. Mwaga maji yote, suuza kwa maji ya mvua ya tangi, rudia mpaka yatoke meupe. Kisha tia kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale safi ya chupa, si asidi, yanayouzwa Ukunda. Kulanti isimwagike uani, ni tamu na ni sumu, mbuzi wa shemeji wakiilamba utajua cha kumwambia mwenyewe. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, uongeze mpaka mapovu yaishe. Chunguza chini kama linavuja, kwa kuwa huenda kutu ndiyo iliyokuwa imeziba matundu. Vuta na kijiti cha oili: oili ikiwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwenda na maji yanaingia kwenye oili, usiliwashe tena, nipigie.

Gari la umri ule linataka kulanti mpya kila baada ya miaka miwili, hata kama mshale wa joto hausogei. Hesabu kwa Ramadhani: moja ya kukagua, ya pili ya kubadilisha. Ila ukiona rangi imegeuka, au kuna vipande vya kutu vinaelea, usingoje Ramadhani, mwaga siku hiyo hiyo. Na yakipungua bila kuonekana yanapokwenda, niambie. Usiongeze ukanyamaza.

Nisalimie shemeji, na Shangazi Mwanasiti anayempikia Mama uji usio na chumvi, na Mjomba Rashidi, mwambie wema wake siusahau. Msalimie na mwalimu wetu wa madrasa, naona hati yangu bado ingemkasirisha.

Mama, umesikia. Salimu hana kosa.

Na wewe Salimu, safari ya kwanza baada ya hapo, kabla Mama hajapanda, nipigie picha ya mdomo wa rejeta. Hata kama nina mteja nitaiangalia. Nikiona kijani safi nitakwambia nendeni. Nisipojibu, usiwashe gari.

Kaka yako,
Mbwana