Kichwa ni Chako

Mbunya, 6 Oktoba 2002

Mudogo wangu Étienne,

Jambo sana. Siye huku tuko wazima. Mutoto wangu Gaël alishikwa na malaria, sasa anakimbia tena. Weye, afya iko namna gani? Sufuria ya samaki ninayokuletea gerezani inarudi safi kila siku, na hiyo inanifurahisha.

Parke, ofisi ya mashitaka, imefungwa. Jaji alikimbilia Aru, na hakuna anayejua dosiye yako, faili ya kesi, iko wapi. Mulinzi wa gereza anasema uliuzia samaki wanamgambo wa upande ule. Nikamuambia samaki haiulizi kabila. Alicheka, lakini mlango hakufungua.

Yaya wako,
Régine

Gerezani, 19 Oktoba

Yaya Régine,

Salamu kwako, dada yangu mukubwa, na kwa Gaël. Mwili wangu hauna ugonjwa.

Félicien, aliyekuwa analala pembeni yangu, alijiua juzi. Kabla ya hapo alikuwa mtulivu, akagawa vitu vyake: blanketi kwangu, kijiko kwa Willy, kapita, kiongozi wa wafungwa. Tukamuita Père Noël, yule mzee wa zawadi za Noeli. Tulicheka, yaya. Watu wake walikimbia vita kule Djugu. Hakuna aliyekuja kumuchukua.

Mudogo wako,
Étienne

Gerezani, 23 Novemba

Yaya,

Natumaini nyumba yote iko salama. Mulinzi atakupa viatu vyangu, ni vya Gaël. Usijisumbue tena kuleta sufuria, barabara ya huku iko na risasi. Usiwe na wasiwasi. Niko mtulivu.

Étienne

Mbunya, 24 Novemba

Étienne,

Leo siulizi afya.

Viatu nimevirudisha. Gaël ana miaka mitano, angelala ndani ya kimoja. Uliniandikia mwenyewe namna Félicien alivyogawa vitu. Ulifikiri yaya wako hajui kusoma?

Tena, tangu utoto wetu kule Kasenyi haujawahi kula kichwa cha samaki. Unaniachia mimi. Sasa sufuria inarudi bila kichwa, bila hata mwiba mumoja, na mimi nilikuwa nafurahi kama mjinga. Nani anakula samaki yangu?

Willy alipokuja mlangoni kupokea sufuria, nilimuambia wazi: mudogo wangu anataka kujiua. Utalala kati yake na mwenzake. Hautaenda peke yako hata chooni. Ukasirike, ni sawa.

Jaji sina, ufunguo sina. Niko na sufuria tu, na kesho inakuja.

Yaya wako,
Régine

Gerezani, 2 Desemba

Yaya,

Umeamkaje? Na Gaël?

Nilikukasirikia sana. Willy anakoroma na mkono wake uko juu ya kifua changu kama gogo. Chooni anasimama mlangoni, anaimba nyimbo za kanisa, na sauti hana. Nilimuambia yote. Akasema, "Hata mimi nilifika hapo, mwaka jana." Sikujua.

Mlango bado umefungwa, na usiku bado ni mrefu. Siahidi mengi.

Sufuria uifungue papo hapo, mbele ya mulinzi, asiibe kilicho ndani. Kichwa ni chako.

Mudogo wako,
Étienne